Jina Nililomwandikia Mama Mkwe

Alhamisi, mwezi wa saba. Ukungu, na baridi ya kuingia mifupani.

Leo ni siku ya tisa sijauona Mlima Meru. Ukungu umeteremka mpaka kwenye mibuni, nguo hazikauki, na tangu asubuhi wagonjwa wamekuja wakikohoa kana kwamba wamepatana. Saa tisa nimefunga dispensari, nimerudisha mlango, nimekaa mezani. Malkia ananitazama kutoka kwenye picha yake ukutani. Nimechoka. Si uchovu wa miguu, ule naujua, dawa yake ni maji moto na chumvi.

Nimechoka kushukuriwa.

Asubuhi alikuja mshili wetu, mkubwa wa kitongoji hiki chini ya Mangi, chifu wetu. Alikuwa na barua ya Kiingereza kutoka mjini, na msomaji wa Kiingereza huku juu ni mimi peke yangu. Akainyoosha mezani kwa viganja viwili, akasema, "Bwana Dresa, hebu nisomee. Wanataka nini tena hawa?" Nikaisoma kimya. Imetoka kwa Daktari wa hospitali ya mjini, imepitia kwa Bwana DC, mkuu wa wilaya. Inamtaka mshili awatangazie watu barazani siku ya Jumamosi kwamba Ruthi, mkandaji wa matumbo, alimpa mgonjwa haluli na nusura amuue, na kwamba tangu siku hiyo ni marufuku kwake kumgusa mgonjwa yeyote.

Mgonjwa anayetajwa ni mama mkwe wangu. Ruthi ni shangazi wa mke wangu. Na haluli, ile chumvi chungu ya kuendesha tumbo, hakuitoa yeye. Niliitoa mimi, kwa kijiko changu.

Nilimwambia mshili kwamba mwandiko umenishinda kidogo, aniachie barua mpaka kesho. Akaniachia. Akasema tungekuwa vipofu bila wewe, mwanangu, Mungu akubariki. Kwa hiyo barua ninayo hapa chini ya kiwiko, na kesho lazima niwe na la kumwambia.

Naandika ili nijue nilianzia wapi kuharibu.

Mimi ni dresa. Kwa miaka miwili nilifundishwa katika hospitali ya mjini kufunga vidonda, kuchoma sindano, kupima joto na kuchanganya dawa za chupa. Udaktari sikufundishwa, na siku ya kutuaga walituambia hivyo bila kuficha. Lakini Daktari aliyekuwa akitufundisha, Mwingereza mrefu mwenye sauti ya chini, alikuwa anapenda Kigiriki kuliko chakula chake cha mchana. Siku moja ya mvua kubwa, wodi zimetulia, alitukusanya akatueleza. Jina la ugonjwa likiishia na "aitisi", alisema, jueni kuna sehemu ya mwili imeshika moto. Wagiriki wa kale walitaja sehemu, kisha wakaifungia mkia. Ini waliita hepar, ndiyo hepataitisi. Figo waliita nefros, ndiyo nefraitisi. Kiungo ni arthron, ndiyo atraitisi. Alipofika kwenye meninjaitisi, ule moto wa ngozi zinazofunika ubongo, aliacha kutabasamu. Akatutajia dalili za kutazama: wekundu, joto, uvimbe, maumivu, na sehemu yenyewe kukataa kazi.

Sijui kwa nini jambo lile liliniingia namna ile. Mimi ni mtoto wa mkulima wa ndizi. Kiswahili chenyewe nimekikuta shuleni kwa wamisheni, nyumbani ni Kimeru tupu. Na sasa mtu ananipa ufunguo wa lugha ya watu waliokufa zamani hizo! Nilinunua daftari la jalada gumu nikawa naandika majina kwa kalamu ya wino, kila jina na mstari wake, na usiku uliofuata niliyaota.

Nilipoletwa huku juu ya Tengeru kufungua dispensari, niliyaleta yote. Hapakuwa na mtu aliyetoka mlangoni kwangu akiwa na koo tu au kifua tu. Alitoka na tonsilaitisi, alitoka na bronkaitisi. Watu walipenda. Mzee mmoja alipanda tena kilima kizima siku ya pili kunishtaki kwangu mwenyewe. "Jirani yangu umempa atraitisi," akasema, "mimi umeniambia magoti, basi. Nimekukosea nini?" Nikampa na yeye atraitisi, akashuka akiwa amefurahi, na dawa ilikuwa ileile ya kusugua.

Kuna Mgiriki mmoja mwenye shamba la kahawa kule chini, njia ya Nduruma, tunamwita Bwana Yani. Alikuja mwaka jana na goti lililovimba. Nilijikaza, nikamtamkia kwa lugha ya babu zake, atraitisi, nikingoja ashangae. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Hii neno ya mama yangu jikoni," akasema kwa Kiswahili chake cha shambani. "Arthro ni kiungo, basi. Gasteri ni tumbo, basi. Mimi najua goti yangu naumwa. Sasa wewe nasema tena goti yangu naumwa. Dawa iko wapi?" Nami nilicheka. Baada ya yeye kwenda niliona ni mtu asiye na elimu.

Sasa mama mkwe.

Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawakai chumba kimoja. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Tukikutana njiani mmoja wetu huingia migombani mpaka mwenzake apite. Hii si chuki, ni heshima, na kwa miaka saba ya ndoa nimeishika vizuri kiasi kwamba sura ya mama naijua kwa ubavuni tu. Tukiwa na neno la kuambiana, Elieshi mke wangu hulibeba akalipeleka, akarudi na jibu.

Jumatatu ya wiki iliyopita Elieshi alimleta. Mama hakuingia humu ndani. Alikaa kwenye benchi nyuma ya ukuta wa mbao, kanga kichwani, nikawa nasikia anavyovuta pumzi. Mke wangu akasimama mlangoni katikati yetu.

"Muulize panauma wapi."

"Anasema hapa juu ya kitovu. Anasema tumbo linawaka. Ametapika mara mbili."

Angekuwa mwanamke mwingine ningemlaza kitandani na kumbonyeza tumbo pande zote nne, kama nilivyofundishwa, huku nikimtazama usoni. Lakini mkwe hafunui tumbo la mama mkwe. Wazo lenyewe lilinifanya nione haya, nikajishughulisha na chupa. Ningeweza kumwelekeza Elieshi aweke mkono wake pale ambapo wangu haukuruhusiwa. Ningeweza kumwandikia mama cheti cha kwenda mjini bila kumgusa kabisa, nikasema sijui. Hakuna mila inayomkataza mtu kusema sijui.

Badala yake nilifungua kitabu cha wagonjwa nikaandika: mwanamke, miaka hamsini hivi, gastraitisi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku hiyo. Jina lilikaa kwenye mstari, likanitosha, na nikaona nimeshampima. Mama alisema tumbo linawaka, mimi nikamrudishia maneno yake mwenyewe kwa Kigiriki, nikapiga mstari chini yake.

Kisha haluli. Haluli ndiyo kila kitu katika dispensari hizi, tunayo debe zima, na mtu asipoendeshwa huona hajatibiwa. Elieshi ndiye aliyepitisha kikombe upande wa pili wa ukuta. Nilimsikia mama akinywa yote bila kulalamika. Kwenye daftari langu la Kigiriki, ukurasa wa apendisaitisi, moto wa kidole-tumbo, imeandikwa kwa mkono wangu: tumbo usilolijua, usilipe haluli kamwe. Nimeufungua leo ukurasa huo. Wino bado mweusi kabisa.

Jumanne asubuhi aliitwa Shangazi Ruthi. Yeye ni dada wa marehemu baba mkwe, mwanamke mfupi mwenye mikono mipana, na karibu nusu ya watu wa kilima hiki alikuwepo walipozaliwa. Kazi yake ni kukanda matumbo ya wanawake. Mimi siku zote nilikuwa namsalimia kwa heshima na kumdharau kimoyomoyo.

Alimpapasa wifi yake mara moja tu, akaondoa mkono. Alitoka nje, akanikuta nimesimama uani, mbali na mlango kama inavyopasa.

"Mkwe wetu," akaniambia, "tumbo hili silikandi. Limehama. Sasa linauma huku chini kulia, nikiligusa anaruka. Mpelekeni mjini leo."

Nikamjibu, na maneno haya nayaandika kama yalivyonitoka: "Shangazi, mama ana gastraitisi. Nimeshaandika."

Alinitazama kidogo. Akasema, "Haya. Mimi sijui kusoma," akaenda kunawa mikono.

Nikatoa haluli ya pili.

Alasiri ile maumivu yakakatika ghafla. Wanawake wakapiga vigelegele. Jumatano nililetewa mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa ya mgando, shukrani kutoka kwa mama, na Elieshi akiwa mtoni anawaeleza wenzake kwamba mama alikuwa na gastraitisi lakini imekwisha. Alilitamka vizuri, nilikuwa nimemfundisha. Nilikula ndizi zile. Nilijisikia mtu kweli.

Alhamisi kulipopambazuka Elieshi alikuja mbio, pumzi imemwishia, akisema mama hazungumzi, amelala chali amekunja magoti, hata kitanda kikiguswa tu anagumia. Siku hiyo niliingia. Niliinama kwenye mlango wa nyumba ya mama kwa mara ya kwanza tangu nioe, nikaweka mkono juu ya tumbo la mama mkwe wangu, mbele ya binti yake. Lilikuwa gumu kama ubao. Kidole-tumbo kilikuwa kimepasuka siku mbili nyuma, ndiyo sababu maumivu yalikatika, na sasa usaha umetapakaa ndani. Jina lilinijia lenyewe na herufi zake zote, peritonaitisi, na halikunisaidia hata kidogo.

Nilishuka kwa Bwana Yani nikikimbia. Alikuwa anapakia kahawa. Nilipomwambia, aliwaamuru vibarua wateremshe magunia yote, akaendesha lori mwenyewe mpaka mjini, polepole kwenye mashimo, na hakuniuliza neno hata moja.

Na sasa jambo ambalo sijamwambia mtu.

Daktari alimpasua. Ni yuleyule aliyetufundisha Kigiriki, ameota mvi. Alipotoka kofia yake ilikuwa imelowa jasho, amekasirika kwa namna ambayo sikuwahi kumwona. Tulikuwa tumesimama kwenye ukumbi, mimi na Elieshi. Akaniuliza kwa Kiingereza, "Nani alimpa huyu mwanamke haluli?"

Nilikuwa na muda. Nakumbuka vizuri kwamba nilikuwa na muda, mtu alipita na beseni, na mlango ukafungwa mahali fulani. Niliiona kazi yangu imekwisha, nimevuliwa koti jeupe, nimerudi kupalilia mibuni ya kaka yangu huku watu wakininyooshea vidole. Nikasema, "Ni wanawake wa nyumbani, bwana. Kuna shangazi yao, ni mkandaji."

Akauliza jina. Nikampa.

Elieshi hajui Kiingereza. Alisimama pale ameshika mkono wangu, anasikia sauti yangu ikimjibu Mzungu bila kutetemeka, na nadhani alijivunia. Daktari alipogeuka kuondoka, mke wangu alimwinamia akasema, "Ahsante sana, Bwana Daktari." Kila nikikumbuka hapo nasikia aibu mpaka masikio yanapata moto.

Kitabu cha wagonjwa hakitanisaliti. Mstari ule hauna jina, una namba tu, na utakaguliwa pamoja na mistari mingine mingi. Hata hivyo Jumapili, watu wakiwa kanisani, nilikuja humu na wembe nikaushika juu ya ukurasa. Nikauweka chini. Sitajisifu kwa hilo, niliogopa tu kwamba pengo litaonekana.

Juzi Jumanne nilikwenda kumwona mama. Alikuwa amekunywa uji vijiko vitatu. Homa bado inapanda kila alasiri na mpira wa kutolea usaha tumboni haujaondolewa, na nesi anasema mgonjwa wa namna hii asihesabiwe amepona mpaka atoke kwa miguu yake. Nilisimama mlangoni mwa wodi kama kawaida, Elieshi akaingia. Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani. Aliposikia kikohozi changu alizungumza, na hakumpa Elieshi maneno ayabebe. Alizungumza na mimi moja kwa moja, mara ya kwanza tangu niwe mkwe wake, uso ukiwa bado ukutani.

"Mwanangu," akasema, "unisamehe. Ni mimi niliyejificha mwili. Ungenigusa ungejua."

Mimi nikasema, "Pole, mama." Nikasema tena, "Pole." Ndiyo yote niliyopata, na nikatoka kwenda kusimama chini ya mvua ya manyunyu hadi Elieshi alipomaliza.

Anaomba msamaha! Amechanwa tumbo kutoka kitovu kwenda chini, yuko kati ya kufa na kupona, na anaona kosa ni lake.

Jana Shangazi Ruthi alikuja hapa dispensari, amemshika mkono mama mmoja kijana mwenye mtoto mchanga na titi lililovimba. Hajui bado habari za barua. "Huyu nimempapasa," akasema, "ndani kuna usaha, huyu anakutaka wewe na kisu chako, si mimi." Nilipasua, usaha ukatoka mwingi, mtoto akalia, na shangazi akamshika mgonjwa kichwa muda wote akimwimbia pambio taratibu. Tulipomaliza akaniuliza kama hili nalo lina jina. Nikamwambia mastaitisi. "Haya, liandike," akasema, bila kejeli hata kidogo, akaenda zake. Ningependa sana angekuwa ananikejeli.

Nimekaa na barua hii tangu asubuhi. Nimewaza kila ujanja. Ningeweza kumsomea mshili kitu kingine kabisa, nimwambie Daktari anawasalimu na kuwahimiza wachimbe vyoo. Angeamini. Ningeweza kumwambia shangazi asiende barazani, nijifanye namtetea. Ningeweza kukaa kimya, Jumamosi ipite, na mwanamke yule mwenye mikono mipana asimame mbele ya watu aliowapokea wakizaliwa, asikie anaitwa muuaji, na asiwe na la kujibu kwa sababu imeandikwa.

Akishatangazwa, mwanamke gani tena atamwita? Na tumbo kama lile likitokea tena huku juu, mkono gani utalijua? Si wangu.

Nimeandika barua ya Kiingereza kwa Daktari. Ni fupi. Inasema haluli niliitoa mimi, mara mbili. Inasema mgonjwa sikumgusa kwa sababu ni mama mkwe wangu, na ugonjwa nilioandika kitabuni niliubuni. Inasema Ruthi alimgusa, akajua, akaniambia nimpeleke mjini, nikamkatalia, na kwamba nilipoulizwa nilidanganya. Nimeandika kwamba niko tayari kwa lolote. Hiyo si kweli sana, siko tayari, ila sikupata namna nyingine ya kumalizia.

Saa kumi na moja. Nimeacha kuandika, nimekwenda nyumbani, nimerudi tena.

Nilimkuta Elieshi anamenya ndizi. Nilimwomba aache kisu aketi. Nikamwambia yote kwa Kimeru, kuanzia ukuta wa mbao mpaka ukumbi wa hospitali, na nilipofika pale alipomwinamia Daktari akasema ahsante, nilimweleza alikuwa anashukuru nini. Sikumwangalia. Nilikuwa naangalia maganda ya ndizi.

Hakulia. Hakunitukana, ingawa nilitamani anitukane. Maji ya sufuria yakachemka yakapungua, akainuka akayaongeza. Nikamwambia nimeandika barua kwa Daktari. Nikamwambia alfajiri nitapita kwa Shangazi Ruthi, kisha kwa mshili nimsomee barua yake neno kwa neno na kumwambia ukweli wake, kabla baraza halijakaa. Nilijiona nimepanga vizuri.

Akaniuliza, "Na mama?"

Nilikuwa nimempanga kila mtu isipokuwa yeye. Nikasema mama ni mgonjwa sana, homa bado inapanda, habari kama hizi zitamuumiza, labda tungoje atoke. Nikasema pia, na hapa nilijua ninachofanya, kwamba yeye Elieshi ndiye anayeongea naye vizuri, yeye ni binti yake, angemweleza polepole siku atakayoona inafaa.

Elieshi akachukua kisu chake akarudi kwenye ndizi.

"Homa inapanda," akasema. "Akifa usiku wa leo, atakufa anadhani kosa ni lake."

Akamenya ndizi mbili tatu. Kisha akasema kesho tutaondoka kabla ya jua, tupitie kwa shangazi, tupitie kwa mshili, na saa ya kuona wagonjwa itukute mjini. Atanisindikiza mpaka mlangoni mwa wodi. Maneno, amesema, safari hii hayabebi. Nitaingia nayo mwenyewe.